Fundi wa kunoa cheni za kabaidi Keko, na je cheni zenyewe zinalipa?

Wenye haraka jibu hili hapa: kwa minazi, visiki na magogo yaliyolala kwenye mchanga, cheni ya chensoo yenye meno ya kabaidi (vipande vigumu kuliko chuma) inalipa. Kwa misonobari na miti laini iliyo safi hailipi, kaa na cheni yako ya chuma na tupa yako. Na ukiinunua bila kujua nani atakunolea, umenunua mkufu wa bei mbaya tu. Rivyu hii kwa hiyo ni ya vitu viwili, cheni na fundi wa Keko hapa Dar anayeinoa, maana kimoja bila kingine hakina kazi.

Mimi kazi yangu ni minazi iliyozeeka, ukanda wa Mkuranga mpaka Kisiju huko, mara moja moja Bagamoyo. Watu wana mashamba ya urithi, minazi imeshachoka haizai tena au imekufa na ule ugonjwa unaokausha kilele, wanatuuzia tunaangusha, tunapasua mbao na mirunda. Mashine ni Stihl MS 381, baa (ule ulimi ambao cheni inauzunguka) ya inchi 25, pichi (kipimo cha viungo vya cheni) ya inchi 3/8, cheni ya meno 42. Mashine sina neno nayo, inafanya kazi.

Sasa mtu ambaye hajawahi kuweka chensoo kwenye mnazi anadhani ni mti laini kwa sababu ukiupiga panga juu juu unaingia. Mnazi hauna pete za umri kama msonobari, ugumu wake wote uko nje na chini, katikati ni laini kabisa. Ule ukuta wa nje sehemu ya chini unazidi kilo 600 kwa mita ya ujazo na unaweza kwenda mpaka 900 kwenye mti mzee, wakati moyo wa mti huohuo ni kama sponji, kilo 200 hivi. Kwa hiyo cheni inaanza kwenye kitu kigumu cha nyuzi nyuzi, inatumbukia kwenye ulaini, halafu inatokea tena kwenye ugumu, na juu ya hapo kuna vidato vya wakwezi, vile walivyochonga miaka arobaini iliyopita vyote vimejaa mchanga wa upepo wa bahari. Cheni ya chuma hapo haidumu. Umepiga tupa vizuri asubuhi, makali mazuri, unamaliza kuangusha na kukata vipande viwili vitatu vya chini mashine inaanza kutoa unga badala ya maranda, na baa inaanza kutoa moshi. Kijana wangu alikuwa anashinda na tupa mkononi kuliko chensoo, na kila ukinoa unakula jino, cheni inaisha kwa kunolewa wala sio kwa kukata.

Ndio nikaagiza ya kabaidi. Brandi siitaji maana sitaki ionekane tangazo, ila kwa taarifa yenu Stihl wanazo wanaziita Duro, Picco Duro 3 ya mashine ndogo na Rapid Duro 3 ya mashine kubwa, na zipo za makampuni mengine pia. Huko Marekani zimamoto wanatumia za aina hii kutoboa paa la nyumba inayoungua, wanapita kwenye mbao, lami na misumari humohumo bila kusimama, ingawa zile za zimamoto zimetengenezwa tofauti kidogo na hizi zetu za kukatia miti, msije mkadhani ukiwa na kabaidi basi unakata chochote, nitarudi hapo.

Kabaidi yenyewe sio chuma kilichokolezwa. Ni chembe za tangsteni na kaboni zilizochanganywa na kobalti kama gundi, zikabanwa na kuchomwa kwenye joto kali mpaka zikashikana. Kile kipande kidogo ndio kinachomelewa juu ya jino la chuma la kawaida kwa waya wenye fedha ndani. Kinachonifurahisha ni kwamba malighafi yake ni ya huku huku kwetu, kobalti inatoka Kolwezi kwa ndugu zetu wa Kongo ambao ndio wanaongoza dunia nzima kwa mbali sana, na wolframu, ambayo ndio hiyo hiyo tangsteni, Rwanda wanachimba pale Nyakabingo, halafu sisi tunaletewa cheni kutoka Ulaya kwa laki tatu na themanini. Haya tuendelee.

Ugumu wake ndio faida na ndio mateso. Tupa ya kawaida haiingii kabisa, unaisugua inateleza kama unasugua kioo na mwisho tupa ndio inakwisha meno. Lile jiwe la kawaida la mashine za kunolea, la pinki au la kijivu, nalo halifai, linaipasha moto tu. Kinachokula kabaidi vizuri ni almasi. Diski ya almasi, au tupa ya almasi, ndio habari ya mjini.

Hapa sasa ndio pana shida kwa Dar nzima. Nilipeleka kwanza sehemu moja ambayo sitaitaja, nikawaambia kabisa hii ni kabaidi, wakaniambia "tunanoa zote bosi, acha hapo". Nimerudi kuchukua nakuta meno yana weusi wa kuungua na mengine yana nyufa nyembamba, ukiangalia kwa lenzi unaziona kama nywele. Ukishaipasha kabaidi ghafla halafu ikapoa ghafla inapasuka, na joto likizidi kabisa hata ule uchomeleaji unalegea kipande kinang'oka. Cheni ile iling'oka meno kadhaa siku ya kwanza tu kuingia kwenye mnazi, kimoja kilipita karibu na uso wa kijana wangu, bahati alikuwa na ngao ya uso. Hela yangu hawakurudisha, walisema cheni ilikuwa feki. Sawa.

Mzee wa Keko nilielekezwa na mtu wa fenicha. Kumbe hawa wanaonoa bleed za mviringo za mashine za mbao, zile zenye vipande vya kabaidi kwenye ncha, wana diski za almasi siku zote, ni sisi watu wa chensoo tu hatujawahi kuwafikiria. Jina lake siliweki hapa maana sijamuomba ruhusa, ila ukifika mitaa ya mafundi fenicha ukauliza mzee anayenoa bleed kwa maji utaoneshwa. Kibanda kidogo, mashine mbili, ndoo ya maji, redio.

Nilipomfikia na cheni ya pili (ndio, niliagiza nyingine, msinicheke) akaishika akaipitisha mkononi jino moja moja kama mtu anasali tasbihi, hakusema kitu muda mrefu. Kisha akauliza, "Kijana, hii inakata nini?" Nikamwambia minazi mzee. "Minazi ya wapi, ya shambani au ya kwenye nyumba za watu?" Nikamuuliza tofauti ni nini. "Ya kwenye nyumba za watu ina misumari. Wanatundika antena, wanafunga kamba za nguo, wanapigilia vibao. Kabaidi na mchanga ni marafiki, kabaidi na msumari hawaelewani." Na kweli akanionesha meno mawili yamebanjuka kwenye kona. Chuma kikigonga msumari kinapinda au kinakuwa butu, unakinoa unaendelea, kabaidi yenyewe inavunjika kipande. Mimi siku hizi mnazi wa uani siukati kwa kabaidi mpaka niuzunguke kwanza, na wenye nyumba nawauliza kabisa.

Anavyofanya kazi ndio nimempenda. Kwanza anaiosha cheni kwa mafuta ya taa na brashi mpaka ule utomvu na mchanga utoke, wengi wanaruka hatua hii halafu utomvu unaziba diski. Anatafuta jino lililoumia kuliko yote, hilo ndio linakuwa kipimo, mengine yote anayashusha yalingane nalo, kulia na kushoto. Hii ni kanuni ya cheni yoyote ile lakini kwenye kabaidi ni muhimu zaidi, maana upande mmoja ukiwa mrefu mashine inakata upinde na huwezi kusahihisha na tupa porini. Pembe anapima kwa geji, hakadirii kwa jicho. Halafu diski anaigusa jino kidogo sana, anagusa anaachia, anagusa anaachia, maji yanadondoka muda wote. Nikamuuliza mbona haikandamizi imalize haraka, akasema almasi haitaki nguvu, inataka subira, na ukiiminya inakuwa kipofu, yaani zile chembe zinalala ndani.

Kuna jambo lingine alinifundisha ambalo sikuwa najua. Diski ya almasi haitakiwi igusane sana na chuma. Almasi ni kaboni tupu na chuma kikiwa cha moto kinaila ile kaboni, diski inakwisha haraka sana. Ndio maana kabla ya kugusa kabaidi anashusha kwanza kile chuma kilicho nyuma na chini ya jino kwa jiwe la kawaida kwenye mashine ya pili, halafu ndio almasi inapita kwenye kabaidi peke yake. Kwa hiyo kila cheni inapita mashine mbili. Yule wa kwanza aliyeniharibia alikuwa na mashine moja na jiwe moja kwa kila kitu, bleed, panga, cheni, mkasi wa fundi nguo.

Bei ni shilingi 500 kwa jino, kwa hiyo cheni yangu ni elfu 21. Wakati kunoa cheni ya chuma mtaani unapata kwa elfu tano au unanoa mwenyewe bure. Mtu akisikia hivyo anashtuka, lakini piga hesabu vizuri. Cheni ya chuma kwangu ni elfu 75 hivi na kwa minazi ya mchangani inaisha upesi mno, tupa nazo, petroli inayoungua wakati mashine inasukumwa na makali yaliyokufa, na kijana unayemlipa kwa siku ameketi kwenye gogo ananoa. Kabaidi naipeleka Keko naifunga naenda nayo kazi baada ya kazi. Kwenye hela tupu bado sijaona tofauti kubwa sana kusema ukweli, kwenye muda ndio naiona, na kwenye mbao pia, zinatoka zimenyooka zaidi kwa sababu makali hayabadiliki kutoka asubuhi mpaka jioni.

Ila isikupe matumaini ya uongo, cheni ya kabaidi sio kali kuliko ya chuma. Cheni ya chuma iliyopigwa tupa sasa hivi na mtu anayejua inaipita kabaidi mpya kwa kasi, hasa kwenye mti laini. Kabaidi ncha yake haiwezi kuchongwa nyembamba sana kwa sababu itavunjika, kwa hiyo wanaiacha nene kidogo. Niliijaribu kwenye msonobari wa jirani nikaiona nzito, inasaga badala ya kurarua. Watu wa Mafinga na Njombe mnaokata misonobari iliyosimama, safi, haina mchanga, achaneni nayo kabisa. Labda kwa visiki, ile kukata usawa wa ardhi pale udongo unaporuka. Mvule nao niuseme, maana kuna mtu wa Tanga aliniuliza. Mvule unakuwaga na mawe ndani, ni chokaa inayoganda kwenye mbao, unaikuta bila kutarajia. Mawe madogo ya hivyo kabaidi inavumilia kuliko chuma lakini ukikutana na jiwe kubwa la ngumi, yoyote itaumia, na ya laki tatu na themanini inauma zaidi.

Upande wa matunzo watu wanajidanganya kwamba kabaidi ikishafungwa unasahau. Ni kinyume chake. Kabaidi inabaki kali wakati vitu vingine vyote vinakufa kimya kimya. Cheni ya chuma ikiwa butu unasimama, unaikaza, unaisafisha, unaangalia baa, ule ubutu ndio unakukumbusha. Kabaidi haikukumbushi. Viungo vinarefuka, riveti zinazoshika viungo zinalegea, mfereji wa baa unatanuka, sproketi (gia inayozungusha cheni) inaliwa, na jino bado linakata kwa hiyo hujui. Mimi sasa kila nikijaza petroli naikaza cheni, ikiwa imepoa, mpaka iguse baa kwa chini lakini iweze kuvutwa kwa mkono. Baa naigeuza juu chini kila cheni inapotoka kunolewa. Sproketi ukiona cheni imeichimba nusu milimita badilisha, usingoje, maana sproketi iliyochimbika inaua cheni mpya.

Oili sasa. Nchi hii watu wanaweka oili chafu ya gari kwenye tanki la cheni, ile iliyomwagwa gereji, kwa sababu ni ya bure. Ina chembe za chuma na masizi ndani, inaziba pampu na inasaga baa. Kwa cheni ya elfu 75 sikuwa na ugomvi nayo sana, kwa hii hapana, naweka oili ya cheni au angalau oili mpya kabisa. Na kwenye mchanga ongeza kidogo ule mkondo wa oili kama mashine yako ina skrubu ya kurekebisha, 381 inayo.

Halafu reka, kile kinundu kilicho mbele ya kila jino ambacho kinaamua jino liingie kiasi gani. Kwenye kabaidi reka ni chuma cha kawaida, unaishusha na tupa bapa ya kawaida, na kwa 3/8 tunaacha kama 0.65 mm. Lakini angalia, kwenye mchanga reka nayo inaliwa yenyewe wakati jino haliliki, kwa hiyo usiishushe kwa mazoea. Weka geji kwanza. Nimeona mtu ameishusha kila mara kama alivyozoea kwenye chuma, cheni ikawa inakwapua vipande vikubwa, mashine inaruka mkononi, na meno yakaanza kubanjuka kwa sababu kabaidi haipendi kugongwa hivyo. Mzee wa Keko reka anapima ila hashushi mpaka umwambie, kumbukeni kumwambia.

Malalamiko yangu kwa mzee ni haya. Hana haraka. Ukipeleka Jumatatu usitegemee Jumanne, foleni ya watu wa fenicha ni ndefu na yeye haruki mtu, hata umpe nini. Kwa hiyo ukiwa na cheni moja ya kabaidi umekwama, lazima uwe nazo mbili au urudi kwenye chuma wakati unasubiri. Hatoi risiti. Jino lililong'oka habadilishi, anasema atakuchomelea lakini hatakubali lawama, na mimi nadhani ni haki yake, jino la kuchomelewa kibandani likiruka kwenye spidi ile ni risasi. Lililobaki tupu likiwa moja cheni inaenda, yakiwa matatu manne na yamefuatana mimi naitupa.

Na kitu kimoja ambacho nilimwambia usoni, vumbi. Mashine ya diski ina maji lakini ile ya jiwe haina, na msaidizi wake anakaa pale bila barakoa. Jiwe likigusa kabaidi hata kidogo, vumbi lake sio kama la mbao. IARC, wale watu wa utafiti wa saratani wa WHO, wameiweka kobalti iliyochanganyika na tangsteni kabaidi kundi la 2A, yaani kuna uwezekano mkubwa inaleta saratani, na mapafu inayakausha hata bila saratani. Mzee akacheka akasema "kijana, hapa tumeanza kazi wewe hujazaliwa". Niliporudi mara ya mwisho msaidizi alikuwa na barakoa, zile za kitambaa, sio nzuri lakini sio bure. Kama unanoa nyumbani usipulize vumbi lile kwa mdomo au kwa kompresa, futa na kitambaa kibichi.

Kuna waliouliza kama unaweza kunoa mwenyewe. Kugusagusa tu, ndio. Kuna vijiti vya almasi vya kuweka kwenye mashine ndogo ya kuchongea, unapitisha kidogo kwenye kila jino kwa upole na matone ya maji, inarudisha makali kama ubutu ni mdogo. Ikiwa imebanjuka kona usijisumbue, utamaliza kijiti na jino bado lina pengo. Tupa bapa za almasi za bei rahisi za Kariakoo nimeona zinapoteza almasi upesi sana, chembe zimepakwa juu tu.

Kwa mzee natoa nyota nne, ya tano kaipoteza kwenye muda. Kwa cheni yenyewe nne kwa minazi na visiki, mbili kwa msonobari. Jumapili hafungui, Ijumaa anafunga mapema anaenda msikitini. Nenda na cheni imeoshwa utomvu, atakupokea vizuri zaidi, na meno yahesabu mbele yake kabla hujaondoka, wewe na yeye mkubaliane yapo mangapi mazima.